William Oughtred: kasisi wa kijijini, alama ya × na ugomvi wa slaidi rula (uzi maalumu)

#1 Bikari_na_Rula (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Alama ya × tunayoichora tangu tukiwa watoto ilikita mizizi kupitia kitabu cha kasisi wa Kanisa la Uingereza, William Oughtred. Alihudumia kanisa moja la kijijini kwa nusu karne, hakuwahi kushika uprofesa, na wanafunzi waliomfuata nyumbani hakuwadai ada. Mtandaoni utamkuta kwenye mstari mmoja tu: "alibuni slaidi rula mwaka 1622". (Slaidi rula ni chombo cha kukokotolea kwa kutelezesha vipimo.) Hata huo mstari una kasoro zake, tutaufikia.

Maisha yake kwanza. Alizaliwa Eton, mji ulio jirani na Windsor. Baba yake, Benjamin, alikuwa akifundisha mwandiko katika shule ya Eton. Kijana alisoma hapohapo, kisha akaenda King's College, Cambridge, akapata shahada ya kwanza mwaka 1596 na ya uzamili mwaka 1600. Hisabati haikuwa na uzito mkubwa chuoni wakati ule; kilichotakiwa ni lugha za kale, mantiki na theolojia. Mwenyewe ameandika kwamba hesabu alijisomea usiku, akiuiba muda kutoka kwenye usingizi wake huku wenzake wamelala.

Baada ya upadrisho alihudumu Shalford, akamwoa Christsgift Caryll mwaka 1606, na mwaka 1610 akapewa kanisa la Albury, kaunti ya Surrey, kusini-magharibi mwa London. Hapo alikaa hadi alipofariki tarehe 30 Juni 1660. Mwaka 1628 hivi, Thomas Howard, Erli wa Arundel, alimwomba amfundishe mwanawe William. Masomo aliyomtayarishia kijana huyo ndiyo yaliyozaa kitabu cha *Clavis Mathematicae* (Ufunguo wa Hisabati), kilichochapwa London mwaka 1631.

Wenye utaalamu wa vyombo na wa aljebra karibuni. Hoja yangu moja: Oughtred ni mwalimu kwanza, mbunifu wa vyombo baadaye, na yeye mwenyewe alitaka ahesabiwe hivyo.

#2 Mdadisi_wa_Pwani

Nimeweka kambi. Swali la haraka mkuu: amezaliwa lini? Nimeona 1573, 1574 na 1575.

#3 Kalenda_ya_Kale

Hilo linawasumbua wengi, nalo lina sababu. Tarehe inayotajwa ni 5 Machi 1574. Sasa Uingereza ya enzi hizo ilianza mwaka mpya tarehe 25 Machi, si 1 Januari. Kwa hiyo siku yoyote kati ya 1 Januari na 24 Machi iliandikwa kwa mwaka ambao kwetu tayari umepita. Machi 5 ya "1574" yao ni Machi 5 ya 1575 yetu, ndiyo maana kamusi za wasifu za karibuni zinaweka ubatizo wake mwaka 1575.

Kanuni ya kufanyia kazi: ukikuta tarehe ya Januari, Februari au mwanzo wa Machi katika kitabu cha Kiingereza cha kabla ya 1752, usiinakili mpaka ujue mwandishi anatumia hesabu ipi. Katika ugomvi wa Oughtred na Richard Delamain, mwalimu wa hesabu aliyegombania naye ubunifu wa chombo, jambo hili si dogo, kwa sababu tarehe za Januari zimo ndani yake, na ukikosea unampa mtu mwaka mzima asio nao.

#4 Mama_Pembetatu

Niingie kwenye *Clavis*, maana watu wanaitaja bila kuifungua.

Ni kitabu chembamba, kurasa 88 tu katika toleo la kwanza, kwa Kilatini. Ndani yake mna hesabu za kawaida pamoja na aljebra. Wembamba wake hautokani na uchache wa mambo. Pale wenzake walipoandika sentensi nzima, yeye aliweka alama, na hazina hiyo ya alama ni kubwa: wanahistoria wamehesabu takriban 150 katika maandishi yake yote. Nyingi zilikufa. Zilizobaki ni × ya kuzidisha na nukta nne :: za uwiano. Alitumia pia ± mapema sana.

Baadhi zingekushangaza. Nukta ya desimali hakuiandika kama sisi. Aliweka mstari wenye umbo la L kati ya namba nzima na sehemu, 0⌊56. Nukta moja alikuwa ameipa kazi nyingine, ya kutenganisha namba mbili za uwiano: 3.7::12.28 maana yake 3 kwa 7 ni sawa na 12 kwa 28. Msomaji wa leo akiona 3.7 hudhani ni tatu na sehemu saba, na ukurasa wote unamharibikia hapo. Mraba wa A aliuandika Aq, na mchemraba Ac.

Alikuwa na desturi ya kuita namba kubwa A, ndogo E, jumla yao Z, tofauti yao X. Tuchukue A ni 7 na E ni 3. Z inakuwa 10, X inakuwa 4, na zao AE ni 21. Sasa anakuonyesha kwamba Zq ukiondoa Xq unabaki na AE mara nne: 100 − 16 = 84, na 4 × 21 = 84. Ukishalijua hilo unaweza kurudi nyuma. Umepewa jumla 10 na zao 21, utafute namba zenyewe:

Chukua nusu ya jumla, 5. Izidishe kwa yenyewe, 25. Ondoa zao, 25 − 21 = 4. Kipeuo cha pili cha 4 ni 2. Namba kubwa ni 5 + 2, ndogo ni 5 − 2.

Ni mlinganyo wa kipeo cha pili huo, umetatuliwa kwa mistari minne bila maneno. Kosa la kawaida la wanaojaribu ni kuondoa zao kwenye mraba wa jumla nzima, 100 − 21, badala ya mraba wa nusu yake. Ukipata 79 ujue umepotea njia.

Ukali wa kitabu uko hapohapo. Hatua zinarukwa, maelezo ni mafupi mno, na hata wasomi walikwama.

#5 Bikari_na_Rula

Kweli mama. Seth Ward na Charles Scarburgh, wasomi wa Cambridge, walifunga safari hadi Albury kumuuliza mwenyewe kuhusu mafungu waliyoshindwa, kisha wakarudi kukifundisha kitabu chuoni. Ward baadaye akawa profesa wa astronomia (elimu ya nyota) wa Oxford mwaka 1649, mwaka uleule John Wallis alipopewa kiti cha jiometria. Wallis naye alijifunzia aljebra kwenye *Clavis*, na kitabu chake kikubwa cha hesabu za visivyo na kikomo, cha mwaka 1656, alikiweka wakfu kwa mzee wa Albury. Christopher Wren, yule aliyejenga upya kanisa la St Paul's, akiwa bado kijana alitafsiri kwa Kilatini maandishi ya Oughtred kuhusu saa za jua, nayo yakaunganishwa na toleo la 1652.

Newton hakukutana naye, ila alisoma toleo hilo la 1652 akiwa mwanafunzi, na mwaka 1694, alipoombwa ushauri kuhusu masomo ya shule ya Christ's Hospital, alimtaja Oughtred kama mtu ambaye uamuzi wake unaweza kutegemewa.

#6 Mdadisi_wa_Pwani

Na ile × kwa nini tukifika sekondari tunaiacha?

#7 Mama_Pembetatu

Kwa sababu inafanana na herufi x. Mwanahisabati Leibniz alilalamika hivyo katika barua kwa mwenzake Johann Bernoulli mwaka 1698, akasema yeye anatumia nukta. Kwa Oughtred tatizo halikuwepo, maana visivyojulikana vyake vilikuwa herufi kubwa kama A na E. Nyongeza hapo: alama inayofanana na hiyo inaonekana tayari kwenye kiambatisho kisicho na jina la mwandishi, mwaka 1618, katika tafsiri ya Kiingereza ya kazi ya John Napier, mbunifu wa logarithimu. Wengi wanaamini kiambatisho hicho ni cha Oughtred.

#8 Mzee_wa_Jedwali

Vijana, tuje kwenye chombo, na nianze kwa kurekebisha kitu kinachonakiliwa kila mahali. Utasoma kwamba Oughtred alitengeneza diski mbili, moja ikizunguka ndani ya nyingine. Sicho alichokieleza. Katika kitabu chake cha mwaka 1632, *Miduara ya Uwiano*, chombo ni sahani moja iliyotulia, yenye miduara iliyochorwa, na katikati pana mikono miwili inayofunguka na kufungwa kama bikari. Duara linalozunguka ndani ya duara ni la Richard Delamain. Ukivichanganya hivi viwili, ugomvi wao hutauelewa kamwe.

Mlolongo ni huu. Napier alitoa logarithimu (kwa kifupi logi, namba zinazogeuza kuzidisha kuwa kujumlisha) mwaka 1614. Henry Briggs akazigeuza ziwe za kizio cha 10, akachapa jedwali la namba 1 hadi 1000 mwaka 1617. Kisha Edmund Gunter (naye kasisi, wa Southwark, na profesa wa astronomia wa Gresham College, London) akaziweka kwenye rula: namba zikapangwa kwa umbali ulio sawa na logi zake. Kuzidisha kukawa kujumlisha umbali. Unachukua bikari, unapima kutoka 1 hadi 2, unahamisha kipimo hicho kuanzia 3, ncha inaangukia 6.

Rula ya Gunter ina kero mbili. Bikari inatoboa rula na kuilia mistari yake kadiri inavyotumika. Na ukizidisha 4 kwa 7, ncha inatoka nje ya rula, huna pa kusoma. Oughtred aliukunja mstari ukawa duara. Duara halina mwisho: ukipita 1 unaanza upya. Na mikono imeshikwa kitovuni, hakuna ncha inayochoma.

Sahani yenyewe iliuzwa na Elias Allen, fundi mashuhuri wa vyombo pale Strand, London, kwa shaba ya njano. Upande mmoja una miduara minane. Wa nne kutoka nje ni wa namba, 1 hadi 10 kwa logi. Wa tano umegawanywa sawasawa, na huo ndio unaokusomea logi yenyewe. Iliyobaki ni ya saini (sine) na tanjenti, vipimo vya pembe, kwa ajili ya pembetatu za mabaharia na wanajimu. Saini kwenye duara la nje zinaanzia karibu digrii 5 na dakika 45, kwa kuwa hapo ndipo saini inapofika 0.1. Upande wa pili una mchoro wa anga kama linavyoonekana juu ya upeo, wa kujua saa na mahali jua lilipo.

#9 fundi_kadibodi

Shikamoo mzee. Tunaweza kukitengeneza nyumbani tukakijaribu?

#10 Mzee_wa_Jedwali

Marahaba. Duara la namba peke yake linawezekana kwa saa moja au mbili. Tafuta kadibodi ngumu ya sentimita 24 kwa 24, bikari, kipimapembe, plastiki angavu na skrubu ndogo yenye nati.

Chora duara la nusu kipenyo cha sentimita 10. Weka 1 juu kabisa, kwenye digrii 0. Kila namba nyingine inakaa kwenye pembe iliyo sawa na logi yake mara 360, ukienda kama saa. Namba 2 inaangukia 108.4, namba 3 inaangukia 171.8, 4 kwenye 216.7, 5 kwenye 251.6, 6 kwenye 280.1, 7 kwenye 304.2, 8 kwenye 325.1, 9 kwenye 343.5. Kati ya 1 na 2 pana nafasi kubwa, kwa hiyo gawa zaidi: 1.1 iko 14.9, 1.2 iko 28.5, 1.5 iko 63.4. Usigawe nafasi kwa kukadiria katikati. 1.5 si nusu ya safari ya 1 hadi 2. Nusu ingekuwa 54.2, na hapo unasoma 1.41.

Mikono: kata vipande viwili vya plastiki vyenye upana wa sentimita 1.5, chora mstari mmoja mwembamba kwenye kila kimoja kuanzia tundu la kitovu, upande wa chini unaogusa kadibodi. Mstari ukiwa upande wa juu, unene wa plastiki unakudanganya ukitazama kwa mshazari.

Kuzidisha 2 kwa 3: mkono wa kwanza kwenye 1, wa pili kwenye 2. Bila kubadilisha upana kati yao, zungusha yote mpaka mkono wa kwanza ufike 3. Wa pili unaonyesha 6.

Kugawanya 6 kwa 3: wa kwanza kwenye 3, wa pili kwenye 1. Peleka wa kwanza hadi 6, wa pili unasoma 2.

Uwiano ndiyo kazi yake ya asili, na hapo ndipo kinapendeza. Pauni 3 za bidhaa ni shilingi 7, pauni 12 ni ngapi? Wa kwanza 3, wa pili 7. Peleka wa kwanza kwenye 12, yaani 1.2. Wa pili unasimama kwenye 2.8, na akili yako inakuambia ni shilingi 28. Hujazidisha wala hujagawanya, umehamisha mikono mara moja tu. Na mikono ikibaki hivyo, kila bei ya bidhaa hiyo umeipata.

#11 fundi_kadibodi

Nimeunda. 2 × 3 inatoa 6.2, mara nyingine 5.9. Tatizo wapi?

#12 Mzee_wa_Jedwali

Majibu yakibadilika kila ukijaribu, ni mikono inayofunguka njiani. Msuguano kati ya mkono na mkono lazima uwe mkubwa kuliko msuguano kati ya mikono na sahani. Weka washa (kipete bapa) ya karatasi nyororo kati ya sahani na mkono wa chini, ondoa chochote kati ya mikono yenyewe, kaza nati mpaka mikono iende pamoja ukisukuma mmoja tu.

Jibu likikosea kwa kiasi kilekile kila mara, tazama kitovu. Tundu likiwa nje ya kitovu kwa milimita 1 tu, kwenye nusu kipenyo cha sentimita 10 unapoteza hadi digrii 0.57, sawa na karibu asilimia 0.4 ya jibu. Ndiyo maana tundu linatobolewa kwa sindano kwanza, palepale ncha ya bikari iliposimama, kisha linapanuliwa.

Na kipimapembe cha shule hakiendi chini ya nusu digrii. Nusu digrii ni asilimia 0.3. Kwa hiyo usitarajie zaidi ya tarakimu tatu, hata ukichora kwa uangalifu namna gani. Mzingo wa duara lako ni sentimita 62.8, ambao ukinyooshwa ni rula ndefu ambayo huwezi kuitia mfukoni. Rula ya kawaida ya sentimita 25 ni sawa na duara la kipenyo cha sentimita 8 tu. Hiyo ndiyo faida ya kukunja.

#13 Mdadisi_wa_Pwani

Vipeuo je? Duara la tano umesema linasoma logi.

#14 Mama_Pembetatu

Ndiyo. Unasoma logi, unaigawa kwa mbili, unarudi duara la namba. Kwa 5: logi 0.699, nusu 0.3495, unarudi unakuta 2.236. Mtego uko kwenye 50. Duara linakuonyesha mahali palepale, 0.699, kwa sababu halijui tofauti ya 5 na 50. Lazima wewe uongeze 1 kabla ya kugawa: 1.699, nusu yake 0.8495, jibu 7.07. Ukisahau hiyo 1 unapata 2.236, na chombo hakitakuonya.

Hapo ndipo hoja ya mleta uzi inaposimama. Chombo hiki kinamsaidia anayejua logarithimu ni nini. Asiyejua kinampa jibu la uongo bila kusita.

#15 Bikari_na_Rula

Mama umenifungulia mlango. Oughtred alikaa na chombo bila kukichapa. Aliyekitoa nje ni mwanafunzi wake William Forster, aliyefika Albury likizo ya mwaka 1630, akalalamika kwamba rula ya Gunter haitoshi usahihi mpaka iwe ndefu mno. Mzee akamtolea chombo chake. Forster akashangaa: kwa nini umewaficha watu miaka yote? Jibu, kama Forster alivyoliandika katika wakfu wa kitabu kile cha 1632 kwa Kenelm Digby, lilikuwa kwamba njia ya kweli ya elimu ni uthibitisho wala si vyombo, na walimu wanaoanza na vyombo kabla ya elimu yenyewe wanazalisha watu wa kufanya viinimacho.

Maneno hayo ndiyo yaliyowasha moto. Delamain alikuwa mwalimu wa hesabu London, alishawahi kusoma kwa Oughtred, na alikuwa ametangulia kuchapa kitabu chake, *Grammelogia*, kuhusu pete ya hesabu, akampa Mfalme Charles I na kupewa haki ya kukiuza. Ilikuwa Januari ya 1630 kwa hesabu yao, yaani 1631 yetu (asante Kalenda). Alipoyasoma maneno ya viinimacho alijiona yeye ndiye anayelengwa. Riziki yake ilikuwa kufundisha waungwana wasio na muda wa *Clavis*: wanataka kupima shamba au kusoma saa, si kuthibitisha.

#16 Kalenda_ya_Kale

Tumtendee haki Delamain. Kwa kuchapa, yeye ndiye wa kwanza, hilo halina mjadala. Hoja yake ya kufundisha nayo si ya kijinga: mwanafunzi akianza na chombo anapata hamu, na nadharia anaweza kuifuata baadaye. Walimu wa leo wanabishana jambo lilelile juu ya vikokotoo.

Oughtred alijibu kwa waraka mrefu, karibu mwaka 1634, ulioelekezwa kwa waungwana wa Uingereza, akimshutumu Delamain kwa wizi wa vyombo viwili, duara na kile cha upeo (mchoro wa anga wa upande wa pili wa sahani). Kwa bahati waraka huo wa hasira ndio chanzo chetu kikubwa cha maisha yake: usiku wa Cambridge, safari ya London mwaka 1618 alipokutana na Briggs na Gunter, yote yanatoka humo. Kwa hiyo usomeni mkijua ni utetezi wa mtu aliyekasirika.

Na ile "1622": hakuna kitabu chake cha mwaka huo kinachoeleza chombo. Kinachoweza kutajwa kwa uhakika ni 1630 alipokionyesha kwa Forster na 1632 kilipochapwa.

#17 Mzee_wa_Jedwali

Niongeze kimoja kinachosahauliwa. Slaidi rula iliyonyooka, ile babu zenu wahandisi walitembea nayo, imo kwenye nyongeza ya 1633: rula mbili zinazotelezeshwa ubavu kwa ubavu, zikishikwa kwa mikono tu, moja ndefu kuliko nyingine kwa takriban 3 kwa 2. Urefu huo tofauti ni wa makusudi, kwani ukizipanga msalaba zinakuwa fimbo ya baharia ya kupimia kimo cha jua na nyota. Udhaifu wake ni uleule wa mikono ya fundi wetu: zikiteleza kidogo kabla hujasoma, jibu limeondoka. Rula yenye ulimi unaoteleza ndani ya mfereji ilikuja baadaye. Moja ya Robert Bissaker ya mwaka 1654 iko Science Museum, London.

Mwaka huohuo wa 1633 alitoa pia maelezo ya fimbo ya kupimia ujazo wa mapipa ya divai. Kasisi wetu hakuwa na dharau na kazi za sokoni.

#18 Mdadisi_wa_Pwani

Na ukasisi wenyewe? Maana mpaka hapa ni hesabu tupu.

#19 Kalenda_ya_Kale

Mahubiri yake hayakumjengea jina. John Aubrey, aliyekusanya habari za watu wa zama zile, anasema alikuwa mhubiri dhaifu, mpaka alipokaribia kunyang'anywa kanisa ndipo akajibidiisha na kuhubiri vizuri. Anamweleza kama mtu mdogo wa umbo, nywele nyeusi na macho meusi, kichwa hakitulii, kidole kikichora mistari vumbini. Asubuhi alilala hadi karibu saa sita mchana, kwa kuwa usiku alikesha. Na mkewe alibana matumizi: baada ya chakula cha jioni mshumaa hakumruhusu, na Aubrey anadai hesabu nyingi nzuri zilipotea kwa giza hilo. Aubrey anapenda umbea, mchukulieni kwa tahadhari.

Kunyang'anywa kulikuwa kwa kweli. Bunge lilipomshinda Mfalme, makasisi wa upande wa Mfalme walifukuzwa makanisani mmoja mmoja. Zamu ya Oughtred ilifika mwaka 1646. Aliyemwokoa, kwa maelezo ya mwokozi mwenyewe, ni mtabiri wa nyota William Lilly, aliyemwendea Bulstrode Whitelocke, mbunge mwenye nguvu, na marafiki wakajaa siku ya kura. Oughtred akabaki Albury.

Kuhusu kifo: hadithi inasema alikufa kwa furaha aliposikia Mfalme amerudishwa. Charles II alitangazwa tarehe 8 Mei 1660, akaingia London tarehe 29 Mei. Oughtred alifariki tarehe 30 Juni. Furaha ya kuua mtu baada ya mwezi mzima ni ya polepole sana. Mwanahisabati wa karne ya 19, Augustus De Morgan, alimtetea kwa kejeli kwamba marehemu ana udhuru, alikuwa na miaka 86 (kwa hesabu ya 1574; kwa 1575 ni 85).

#20 fundi_kadibodi

Washa ya karatasi imefanya kazi, sasa inasoma 6 kila mara. Nikitaka kusoma *Clavis* nianze na toleo gani?

#21 Mama_Pembetatu

Kama Kilatini hakipandi, chukua tafsiri ya Kiingereza ya 1647, ya Robert Wood. Lugha ni ya zamani: herufi s ya katikati ya neno inafanana na f, na u na v zinabadilishana. Ukishazoea kurasa mbili tatu haikusumbui.

Anza na sura za hesabu za kawaida ili uzizoee alama, hasa desimali ya ⌊ na nukta ya uwiano. Kisha ruka moja kwa moja hadi fungu la Z, X, A na E, ulifanye kwa namba zako mwenyewe, mathalani 9 na 4, kabla ya kusoma anachothibitisha. Usiruke kwenda kwenye milinganyo mikubwa. Pale ndipo Ward na Scarburgh walipofunga safari. Kama unakijua Kilatini, toleo la 1652 lina saa za jua za Wren nyuma yake. Na *Trigonometria* ya 1657 iache mpaka umalize hiki, kwani imejaa vifupisho ambavyo havielezwi upya.

#22 Mzee_wa_Jedwali

Na fundi, ukifika kwenye saini, usichore duara la pili juu ya kadibodi hiyohiyo kabla hujabadilisha tundu. Karatasi inapanuka kwa kuchokonolewa. Gundisha kipande cha plastiki kitovuni, toboa upya, halafu endelea.